Kupimwa koo kwa kamera inayopita puani: mambo ya kuyajua kabla ya kuketi kwenye kiti

Mgonjwa akiambiwa kwamba atapimwa koo kwa kamera, mara nyingi kinachomjia kichwani ni masimulizi ya jirani aliyepimwa tumbo: alilazwa ubavu, akapewa kipande cha plastiki akiume kwa meno, kisha mpira wenye unene unaokaribia kidole cha mwisho ukapitishwa mdomoni hadi tumboni. Hicho ni kipimo kingine kabisa, na kuvichanganya viwili hivi kumewafanya watu wengi waahirishe miadi waliyoingojea kwa miezi. Kipimo kinachoelezwa hapa hutumia mpira mwororo wenye unene wa milimita 3 hadi 4 hivi, ambao hupitishwa katika tundu moja la pua na kuishia juu kidogo ya nyuzi za sauti, huku mgonjwa ameketi wima, yuko macho na anaweza kuzungumza. Kwa kawaida hakuna sindano wala dawa ya usingizi, na muda ambao mpira unakuwa ndani hauzidi dakika chache.

Kwa kuwa mgonjwa yuko macho, sehemu kubwa ya kazi huwa yake. Namna anavyopumua ndiyo inayofungua au kufunga njia ya kamera, na namna anavyoeleza maradhi yake ndiyo inayomwonyesha daktari mahali pa kukawia. Mwongozo huu unafuata safari hiyo tangu nyumbani hadi siku ya kupewa majibu.

Kwanza: jua kama unahitaji kipimo hiki

Sauti iliyokauka kwa sababu ya mafua hurejea yenyewe katika wiki moja au mbili. Sauti inayoendelea kukwaruza kwa zaidi ya wiki nne inapaswa kuangaliwa kwa kamera, hata kama haina maumivu yoyote, kwa sababu uvimbe unaoanza kwenye nyuzi za sauti hubadilisha sauti mapema sana, muda mrefu kabla ya kuuma. Mvutaji wa sigara, mnywaji wa pombe wa miaka mingi, na mtu ambaye pamoja na sauti kukauka ana uvimbe shingoni, anatema damu au anapungua uzito, hana haja ya kungoja wiki hizo nne. Walimu, waimbaji, waadhini, wahubiri na wapiga debe wa stendi ni kundi lenye tabia yake: wao huona kukwaruza kwa sauti ni sehemu ya kazi, wakatafuna tangawizi mwaka mzima, ilhali vinundu vinavyotokana na kutumia sauti kupita kiasi vinatibika kwa mazoezi ya sauti vikigunduliwa.

Sababu nyingine ni chakula kukwama au kuuma kinapomezwa. Maumivu ya sikio moja ilhali daktari ameangalia sikio na kulikuta zima, kwani neva za koo na za sikio zina uhusiano. Na, kwa mtu mzima, sikio moja kuziba pamoja na tezi kuvimba shingoni, hali inayomlazimu daktari kuchungulia nyuma kabisa ya pua, mahali ambapo saratani hujificha bila kuonekana kwa tochi. Anayetarajiwa kupasuliwa rovu, yaani goita, mara nyingi hupimwa kabla na baada ya upasuaji, kwa sababu neva zinazoendesha nyuzi za sauti hupita nyuma ya tezi hiyo.

Hapa nina neno kuhusu kimeo. Bado wapo wanaopeleka watoto, na hata watu wazima, kukatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi kisichoisha. Kile kinyama kinachoning'inia mwishoni mwa kaakaa kipo kwa kila mtu na si chanzo cha kikohozi, na kukikata kwa wembe au kisu cha mganga kumeleta kutokwa damu kusikokoma, maambukizi na pepopunda. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kianzie kwenye kipimo cha makohozi cha kifua kikuu, ambacho kwenye vituo vya serikali hakilipiwi. Kamera ya koo hufuata ikihitajika.

Mwiba wa samaki unastahili kuelezwa peke yake, maana kwa watu wa pwani na wa kandokando ya maziwa ndio humfikisha mtu kwenye kiti hiki bila kutarajia. Mara nyingi mwiba hunasa kwenye mafindofindo au kwenye shina la ulimi, na wakati mwingine huwa umeshapita ukaacha mkwaruzo tu, ambao huendelea kuchoma kwa siku moja au mbili kana kwamba mwiba bado upo. Desturi ya kumeza tonge kubwa la ugali au ndizi bila kutafuna ili kuusukuma inaweza kuuzamisha zaidi ndani ya nyama, na pia huziba mandhari kwa mabaki ya chakula, hivyo iachwe. Picha ya eksirei huikosa mingi ya miiba hii, kwa hiyo kuambiwa kwamba eksirei ni safi si mwisho wa habari kama maumivu yako yako palepale na unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole. Homa, shingo kuvimba au maumivu kushuka kifuani ni dalili za kwenda hospitali usiku huohuo.

Vilevile, mtu anayepumua kwa kukoroma au kwa mlio mkali akiwa macho, anayeshindwa kumeza mate yake yakawa yanadondoka, au anayelazimika kuinama mbele ili apate hewa, asipange foleni ya kliniki. Huyo ni wa idara ya dharura, na kwake kamera huingizwa tu mahali penye vifaa na watu wa kumwokoa njia ya hewa ikiziba.

Pili: rufaa, na simu ya kupiga kabla ya safari

Kipimo hiki hufanywa na daktari wa masikio, pua na koo. Nchini Tanzania madaktari bingwa wa fani hii hupatikana zaidi katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, na pia katika baadhi ya hospitali za mikoa na za binafsi. Nchini Kenya wapo Kenyatta na katika baadhi ya hospitali za kaunti, ambako pia kuna matabibu waliosomea fani hiyo. Mwenye bima hupaswa kuanzia kituo cha chini na kupata karatasi ya rufaa, la sivyo anaweza kujikuta analipa mfukoni.

Kabla ya kupanda basi, piga simu uulize mambo matatu: kama siku hiyo daktari yupo, kama kamera inayoingia puani inafanya kazi, na kama gharama yake iko ndani ya ada ya kumwona daktari au inalipiwa kando. Niliwahi kusafiri saa saba kumsindikiza mzee wetu, tukafika tukaambiwa mpira umepelekwa kutengenezwa na utarudi mwezi ujao. Alipimwa kwa kioo kidogo chenye mpini mrefu, kile kinachopashwa moto kidogo ili kisifanye ukungu, na majibu yalipatikana. Lakini tungejua, tungechagua siku nyingine.

Kioo hicho, kwa njia, ndicho mzazi wa kamera hii. Mwaka 1854 Manuel García, Mhispania aliyekuwa akifundisha uimbaji London, alitumia kioo cha daktari wa meno na mwanga wa jua akaziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifunguka na kufunga. Mpira mwororo wa kupita puani ulikuja zaidi ya miaka 100 baadaye, ulipoelezwa na madaktari wa Japani, Sawashima na Hirose, mwaka 1968.

Tatu: maandalizi ya nyumbani

Kufunga kula si lazima kwa watu wengi, ingawa baadhi ya kliniki huomba mgonjwa asile kwa saa moja au mbili ili asitapike akikabwa na kichefuchefu. Fuata ulivyoagizwa, usipoagizwa, kula kidogo na mapema, kwa sababu mtu mwenye njaa na hofu ndiye anayezimia kwa urahisi. Dawa zako za kila siku meza kama kawaida. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, klopidogreli au aspirini, asiziache kwa uamuzi wake, kwani kipimo cha kuangalia tu kwa kawaida hakihitaji kuziacha. Amweleze daktari, naye atapitisha mpira akijua kwamba pua hiyo inaweza kutoka damu.

Andika kwenye karatasi mambo yafuatayo, maana mbele ya daktari watu husahau: dawa zote unazotumia pamoja na za miti shamba, kama umewahi kudhurika na sindano ya ganzi ya meno, kwa sababu dawa ya kupulizia puani mara nyingi ni lidokaini, dawa inayotumika pia kwenye sindano hiyo, kama una presha ya kupanda au ugonjwa wa moyo, kwa kuwa dawa ya kufungua pua huweza kupandisha presha, kama una mimba, na kama pua yako iliwahi kuvunjika, kupasuliwa au ina kawaida ya kutoka muhina, yaani damu ya pua. Taja pia tundu ambalo hupitisha hewa vizuri zaidi. Utalijua kwa kuziba moja baada ya jingine mbele ya kioo asubuhi hiyo.

Sauti ina hila: huharibika jioni nyumbani na kunyooka asubuhi mbele ya daktari. Jirekodi kwenye simu siku inapokuwa mbaya, na umsikilizishe. Fanya hivyohivyo kwa mtoto anayekoroma au anayepumua kwa mlio akiwa usingizini, kwa kuwa dakika moja ya video hiyo mara nyingine huwa na manufaa kuliko maelezo ya mzazi ya nusu saa.

Nne: ndani ya chumba

Utaketi kwenye kiti wima, mgongo umeegemea, kisha utaombwa usogeze kidevu mbele kidogo kama mtu anayenusa chungu cha pilau kikifunuliwa. Mkao huo hunyoosha njia. Muuguzi atakupulizia dawa puani, au ataingiza pamba iliyoloweshwa dawa, yenye kazi mbili: kutia ganzi na kuzifanya nyama za pua zinywee ili nafasi iongezeke. Dawa hiyo itateremka nyuma ya ulimi na ni chungu. Waliowahi kutafuna klorokwini wataitambua mara moja. Baada ya dakika chache utahisi koo limekuwa nene na mate kama hayamezeki. Unayameza, isipokuwa ganzi inakuzuia kuhisi kwamba umeyameza, na kulijua hilo mapema ndiko kunakozuia hofu inayowapata wengi hapo. Wapo madaktari wasiotumia ganzi kabisa au wanaopaka jeli ya kulainisha tu, na wagonjwa wao huvumilia vizuri. Ukipendelea kupuliziwa, sema.

Mpira ukianza kuingia utahisi msukumo, na machozi ya upande huo yatatoka yenyewe. Hayo si kulia, wala si dalili ya kuumia. Sehemu inayokera zaidi ni sentimita chache za katikati ya pua, pale penye mikunjo ya nyama, na baada ya hapo mambo huwa mepesi. Ukihisi maumivu makali, inua mkono. Kubalianeni ishara hiyo kabla, kwa sababu kutikisa kichwa mpira ukiwa ndani ndiko kunakochubua pua. Daktari anaweza kuutoa na kujaribu tundu la pili.

Mpira unapofika nyuma ya pua, utasikia agizo muhimu kuliko yote: "Mama, pumua kwa pua, polepole." Wengi kwa hofu hufungua mdomo na kuhema, na hapo kaakaa laini hunyanyuka na kuufunga mlango wa kushukia kooni, kisha kamera inabaki inatazama ukuta. Ukipumua kwa pua kaakaa hulegea na njia hufunguka. Ufundi wote wa mgonjwa umo humo: mdomo umefungwa kwa ulegevu, mabega yameshuka, macho yanatazama kitu kimoja mbele. Kufumba macho huwafanya watu wengi wakakamae zaidi.

Kamera ikishatulia juu ya zoloto, yaani kisanduku cha sauti, utaombwa kufanya mambo yanayoonekana ya kitoto, na kila moja lina sababu yake. Ukitoa ulimi nje, nafasi kati ya shina la ulimi na kidaka tonge, kile kifuniko cha njia ya hewa, hufunguka, na ndimo miiba hupenda kulala. Ukivuta "iiii" ndefu, nyuzi za sauti hukutana katikati. Ukinusa kwa nguvu, zinaachana kabisa. Kubadilishana "iiii" na kunusa mara kadhaa humwonyesha daktari kama upande mmoja unachelewa au umepooza. Ukijaza mashavu hewa huku midomo imefungwa, mifuko miwili iliyo kando ya zoloto hupanuka na kuonyesha kilichojificha humo. Unaweza pia kuombwa kuhesabu moja hadi kumi au kuimba ubeti mmoja. Mwalimu mmoja wa kwaya aliniambia kwamba vinundu vyake vilionekana vizuri pale tu alipopandisha sauti ya kwanza.

Nyuzi zenyewe, zikiwa nzima, ni nyeupe kama lulu. Ikiwa kuna skrini, omba ioneshwe upande wako. Za mwanamume hutetema zaidi ya mara 100 kwa sekunde na za mwanamke karibu mara 200, mwendo ambao jicho haliwezi kuufuata, ndiyo maana baadhi ya hospitali hutumia taa inayomulika kwa vipindi ili mtetemo uonekane kama wa polepole. Mgonjwa wa kiharusi anaweza kupewa kijiko cha uji au maziwa yaliyotiwa rangi huku kamera ikiwa ndani, ionekane kama chakula kinapotelea kwenye njia ya hewa.

Kukohoa, kupiga chafya au kucheua kidogo ni kawaida. Mara chache mtu hupata kizunguzungu akatoka jasho jembamba; aseme mara moja, alazwe na miguu iinuliwe. Ni nadra zaidi nyuzi za sauti kujifunga ghafla kwa sekunde kadhaa, jambo linaloogofya ila kwa kawaida huachia lenyewe.

Kuhusu usafi wa mpira

Hili watu huona aibu kuliuliza, na sioni sababu ya aibu. Mpira huohuo umetoka puani kwa mtu mwingine, kwa hiyo kati ya mgonjwa na mgonjwa unapaswa kusafishwa kwa sabuni maalumu, kutiwa dawa kali ya kuua vijidudu kwa muda uliowekwa na mtengenezaji wa dawa, kisha kusuuzwa na kukaushwa. Kuufuta kwa pamba yenye spiriti pekee hakutoshi. Uliza hivi, kwa adabu: "Samahani, muuguzi, huu umeshasafishwa tangu mgonjwa aliyetangulia?" Kituo kinachofanya kazi yake hakichukizwi na swali hilo, na wengi watakuonyesha daftari au sanduku la mipira safi.

Tano: saa ya kwanza baada ya kipimo

Usile wala kunywa hadi ganzi iishe, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa moja, hasa usinywe chai ya moto, maana koo lisilohisi linaweza kuungua au kupitisha kinywaji kwenye njia ya hewa. Kabla ya kula, jaribu fundo dogo la maji baridi; likipita bila kukohoa, endelea. Kwa kuwa hukupewa dawa ya usingizi, unaweza kuendesha gari au kurudi kazini mara moja, isipokuwa kama ulipata kizunguzungu.

Ukitoka muhina, keti, inama mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 mfululizo bila kuachia ili kuchungulia, na uteme damu inayofika mdomoni. Kuinua kichwa nyuma, kama wengi tulivyofundishwa utotoni, huipeleka damu tumboni na kuleta kutapika. Damu isipokoma baada ya hapo, rudi hospitali.

Sita: kuyaelewa majibu

Mara nyingi daktari hukueleza alichokiona palepale. Muombe akuchoree au akuonyeshe picha, na aandike kwenye kadi jina la tatizo kwa maneno utakayoweza kumsomea daktari mwingine. Akisema ameona uvimbe au kidonda, usitarajie jina kamili siku hiyo, kwa kuwa saratani, kifua kikuu cha zoloto na vimelea vya fangasi huweza kufanana machoni; huhitajika kinyama kidogo kikatwe kipelekwe maabara, na kazi hiyo mara nyingi hufanywa siku nyingine chini ya dawa ya usingizi. Akisema uzi mmoja wa sauti hausogei, hasa wa kushoto, usishangae ukipelekwa kupigwa picha ya kifua. Neva ya upande huo hushuka hadi karibu na moyo kabla ya kupanda shingoni, na tatizo linaweza kuwa huko.

Jibu ambalo ningelipokea kwa tahadhari ni "koo jekundu kwa sababu ya asidi". Wekundu wa sehemu ya nyuma ya zoloto una sababu nyingi, zikiwemo kukohoa mara kwa mara, moshi na vumbi, na peke yake hauthibitishi kwamba asidi inapanda kutoka tumboni. Asiye na kiungulia wala kucheua aulize atatumia dawa ya asidi kwa muda gani, na atajuaje kama imemsaidia.

Wapo wanaoambiwa hakuna kitu na wakarudi nyumbani wamekasirika, kwani bado wanahisi kama donge limekaa kooni. Hisia hiyo ni ya kweli na inajulikana sana, hasa pale ambapo chakula kinapita vizuri na donge husikika zaidi mtu anapomeza mate matupu. Lakini kumbuka mpaka wa kamera hii: haiingii kwenye umio, yaani njia ya chakula, wala kwenye mapafu. Chakula kikikwama kifuani, au sarafu aliyomeza mtoto ikiwa kwenye umio, hapa haitaonekana, na vinahitaji vipimo vingine. Dalili mpya zikijitokeza baada ya majibu safi, kipimo kinaweza kurudiwa.

Mtoto mdogo hupimwa kwa mpira mwembamba zaidi, wenye milimita 2 na kidogo, akiwa amepakatwa na mzazi aliyemfunika kwa khanga ili mikono itulie, huku muuguzi akishika kichwa. Atalia. Kilio chake huzifanya nyuzi za sauti zifanye kazi mbele ya kamera, hivyo madaktari hawakiogopi. Mwambie mtoto anayeelewa ukweli, kwamba kitamkera pua kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini, kisha uhesabu naye kwa sauti.